Simu Iko Chaji

Majirani zangu wa Kawajense wanaamini mimi ni fundi wa laini za simu. Kosa ni langu mwenyewe. Nilipoanza kazi tuliambiwa tusitangaze tunafanya nini wala wapi, kwa sababu mji wenyewe ndio huu huu, na anayekupigia akilia asubuhi unaweza ukapanga naye foleni ya maji jioni. Basi mama wa nyumba ya mbele aliponiuliza nikamjibu, "Nafanya kazi ya simu." Tangu siku hiyo naletewa simu zilizozimika, laini zilizofungwa, watu waliosahau namba zao za siri. Kuna mzee aliniletea redio. Nikiwaambia siwezi kutengeneza, wanadhani naringa.

Kazi yenyewe ni kusikiliza. Mtu maji yakimfika shingoni anapiga namba ya bure, mimi napokea na kusema, "Karibu, nakusikiliza." Tuko wachache na tunapokezana zamu. Yangu ni ya mchana, katika chumba kidogo chenye meza mbili, yangu na ya mwenzangu, kompyuta, kiti ambacho mguu wake mmoja umefungwa waya, na dirisha ambalo hatulifungui ili kelele za nje zisiingie. Treni ya Tabora haina habari na dirisha letu. Ikiingia stesheni inapiga honi ndefu, na anayeongea nami anasema, "Kumbe uko Mpanda!" Siri yote inaishia hapo.

Kanuni ziko nyingi, nyingine nzuri, nyingine za watu waliokaa sana mezani. Iliyonitesa kuliko zote ni ile inayosema mshauri haelezi habari zake. Ukiulizwa hujambo, unasema hujambo, halafu unarudi kwa aliyepiga. Najua sababu yake na siipingi. Mtu aliyezama hana nafasi ya kukubeba na wewe. Lakini ukiwa mtu wa kusikiliza mchana kutwa, halafu unarudi kwenye chumba ambacho hakuna wa kukusikiliza, kanuni hiyo inaondoka nawe kazini na kukufuata mpaka nyumbani.

Mume wangu alikuwa ameshafariki nilipoipata kazi hii. Mwanangu yuko Dodoma, ananipigia kila Jumapili akitoka kanisani. "Mama, hujambo?" "Sijambo." "Unakula vizuri?" "Nakula." Kula nakula, tatizo ni kupika. Sijawahi kujua kusonga ugali wa mtu mmoja. Mkono wangu umezoea sufuria kubwa, unamwaga unga wenyewe, na mwisho nakaa mbele ya mlima wa ugali na samaki mmoja, mgebuka, najilaumu. Unaobaki naupeleka kwa kuku wa jirani. Kuku wale wamenenepa kwa ujane wangu.

Wanaopiga ni watu wa kila aina. Wanafunzi wa kike wanapiga kwa spika, wanacheka na kuniuliza kama nina mchumba. Baadaye mmoja wao anapiga tena, peke yake, hacheki. Kuna mke wa mvuvi wa Karema ambaye upepo wa ziwani ulikuwa unameza nusu ya maneno yake, nikawa namwomba ageuke aupe mgongo. Kuna wanaopumua tu, nami nakaa nao. Wote hao wakishakata simu wananitoka mikononi. Aliyelia jana sijui leo ameamkaje. Nimebeba mianzo ya habari za watu wengi, na mwisho wake sijapewa. Watu wanadhani kilicho kigumu ni kusikia vilio. Vilio vina nafuu. Kigumu ni kutojua.

Walimu waliotufundisha walitoka Dar es Salaam. Walikuwa watu wazuri, ila wana haraka. Walitusisitiza kuuliza mapema na bila kuzunguka: je, unafikiria kujiua? Ni swali la maana, nalitetea mpaka leo. Kumuuliza mtu hakumwekei wazo kichwani, kunampa ruhusa ya kulisema lililokuwemo. Lakini huku kwetu huwezi kumrukia mtu mzima na swali hilo kabla hamjasalimiana, na salamu za huku si neno moja. Za nyumbani nzuri, za watoto nzuri, za mvua nzuri, za mifugo nzuri, za jirani nzuri. Ukishamaliza zote, ndipo mwenzako anasema, "Ila jana tumemzika baba." Hakuwa anadanganya. Ndivyo tunavyoingia kwenye maneno mazito, kama mtu anavyovua viatu mlangoni. Ukiniondolea vyeti na semina zote, kazi yangu ni kuingoja hiyo "ila".

Yule mzee alianza kwa kubipu. Namba yetu ni ya bure, haimli mtu hata senti, lakini wapo ambao kubipu kumekuwa tabia. Simu inalia mara moja na kukatika. Utaratibu wetu ni kumpigia aliyebipu, kwa hiyo nikampigia.

"Shikamoo, baba," nilisema niliposikia sauti ya mtu mzima.

"Marahaba, mayu. Mwadila."

"Mwadila, baba."

"Mhola?"

"Mhola duhu."

Hiyo ni salamu ya Wasukuma: mwadila ni ya mchana, na mhola duhu maana yake kwangu ni kwema tu. Mimi si Msukuma. Mama yangu ni Mkonongo na baba ni Mfipa, lakini ukikulia mkoa huu na hujui kusalimiana na wafugaji, basi hujawahi kwenda mnadani. Mayu ni mama, ndivyo alivyoniita tangu mwanzo, ingawa kwa sauti yake angeweza kunizaa. Akauliza mvua za huku. Nikamwambia zipo kidogo. Nikamuuliza za mifugo, akasema nzuri. Watoto? Wazima. Mama yao?

"Yupo," akasema. "Yupo hapa hapa nyumbani."

"Na wewe mwenyewe, baba?"

"Mhola duhu. Haya, mayu. Nilikuwa nasalimia tu."

Akakata. Nikabaki nimeishika ile hedifoni masikioni kama vile atarudi. Kuna nzuri za namna nyingi, na nzuri yake sikuipenda. Ilikuwa imenyooka mno. Mtu mwenye mifugo akisema za mifugo ni nzuri, lazima ataongeza neno, dume limevunjika mguu, ndama amezaliwa, kupe wamezidi. Huyu hakuongeza kitu.

Alipiga tena, na tena, saa za mchana ng'ombe wakiwa wamelala kivulini. Kila mara salamu zile zile, kila mara "nilikuwa nasalimia tu." Lakini kidogo kidogo vijineno vilidondoka. Nikajua yuko upande wa Mpimbwe, maana soko lake ni la Kibaoni. Nikajua wanawe wameswaga kundi kubwa la ng'ombe kwenda Lindi, malisho ya huku yalipobana, wakamwachia ng'ombe wachache wa maziwa. Nikajua walimtaka wafuatane naye, akakataa. Kijiji chake hakukitaja, nami sikumsukuma, kwa sababu mtu akiona unamchunguza anafunga mlango. Lakini nilikuwa na hofu moja iliyonikaa wiki zile zote: kwamba mzee huyu anaaga watu, na mimi ndiye mtu wake wa mwisho kumuaga.

Msimamizi wetu alikuwa mwanamume wa makamo aliyehamishiwa kwetu, mstaarabu, mpenda takwimu. Siku moja akavuta kiti, akakaa.

"Dada, huyu mzee wako ana tatizo gani?"

"Bado hajasema."

"Sasa kama hajasema sisi tunamsaidia nini? Hii laini ni ya dharura. Mtu mwenye shida ya kweli anaweza akawa anapiga, anakuta unaulizana habari za mvua. Mwelekeze tu kwa ustaarabu, aache."

Mimi si mpole. Watu wakisikia kazi yangu wanadhani nina sauti ya maji ya mtungini, lakini nyumbani kwetu mimi ndiye niliyekuwa mkali. Nikamuuliza, "Kaka, wewe ukienda ukweni na shida unaitoa mlangoni, umesimama?"

Akacheka, akasema nimemshinda, lakini akaongeza kwamba mambo hayawezi kwenda hivi siku zote. Nilikuwa najua kuwa na yeye ana haki. Laini ni chache. Nilirudi nyumbani siku hiyo nimechukia, nikasonga ugali mwingi kuliko kawaida.

Alipopiga tena ilikuwa jua kali, jogoo fulani anawika nje ya dirisha letu kama aliyekosea saa. Shikamoo, marahaba, mwadila, mhola. Mvua nzuri. Mifugo nzuri. Nilipofika kwa "na wewe mwenyewe, baba?" akasema, "Nzuri." Safari hii sikumpa "haya" ya kutokea. Nilinyamaza, nikamsikia akipumua, nikasikia kengele ya ng'ombe mbali, na mimi nikaendelea kunyamaza, huku nikiona taa ya simu nyingine inawaka mezani na siigusi. Mwenzangu wa meza ya pili akaichukua.

"Nzuri," akasema tena. "Ila nimechoka, mayu."

"Nakusikiliza, baba."

Yakatoka. Mama yao alifariki mvua zilizopita. Yupo hapa hapa nyumbani, ndiyo, kazikwa nyuma ya nyumba, karibu na zizi. Wanawe wanataka eneo liuzwe, yeye awafuate Lindi. Akaniuliza, "Nikiondoka mimi, nani atakaa naye? Na nikikaa, nakaa na nani?" Asubuhi anaamka anasema mwangaluka, salamu yao ya asubuhi, kwa mazoea, hakuna anayeitika. Alisema siku nyingine anapiga namba hii ili tu mtu aitike.

Lilinichoma hilo. Nisingeweza kumwambia kwa nini.

Nikamuuliza swali la walimu wa Dar es Salaam. Niliuliza pole pole, kwa heshima yake yote, lakini niliuliza wazi. "Baba, unafikiria kujiua?"

"Eeh," akasema. "Nafikiria."

"Kuna kitu umekiweka kwa ajili hiyo?"

"Kipo. Dawa ya ng'ombe. Iko ndani."

"Baba, nakuomba kitu kimoja leo. Usilale na dawa hiyo nyumba moja. Itoe, mpelekee mtu. Nani yuko karibu?"

Akafikiri. "Jirani wako mbali. Kuna mama mmoja huku senta, ananichajia simu. Ana sola."

"Mpelekee huyo. Na uniambie kijiji, baba, nimtume mtu aje akae na wewe."

"Sitaki mtendaji aje kwangu. Watu watasema." Halafu akasema, "Mayu, simu inalia. Chaji imeisha."

"Kijiji gani, baba?"

Ikakatika.

Nilipiga papo hapo. Sauti ya yule mwanamke wa mtandao ikaniambia namba haipatikani. Nikapiga tena mpaka msimamizi akaja akasimama nyuma yangu, na nikamweleza yote, maana uhai ukiwa hatarini siri inavunjwa. Hiyo ni kanuni na ni nzuri. Na hapo nataka nimsifu. Hakusema, "Mimi nilikwambia." Alikaa chini akapiga simu kwa ofisa ustawi wa jamii wa upande ule, naye akaanza kuwapigia watendaji wa vijiji mmoja mmoja. Mzee wa Kisukuma, kafiwa na mke, anaishi peke yake, wanawe wamehamia Lindi. Huko Mpimbwe wazee wa namna hiyo si mmoja.

Zamu ikaisha, hakuna jibu. Nilirudi kwa miguu. Mama wa nyumba ya mbele alikuwa ananingoja kibarazani na simu mkononi.

"Mama simu, nisaidie, mume wangu kaingiza namba ya siri mara tatu, wamefunga laini."

"Piga huduma kwa wateja, mama."

"Si ndo wewe?"

Sikujua nicheke au nilie. Akaniangalia usoni. "Unaumwa?" akauliza. "Hapana," nikamwambia. "Za kazi lakini nzuri?" "Nzuri." Akasubiri kidogo, nadhani alisubiri, kisha mumewe akamwita na akaondoka. Jioni ile sikupika. Nilikaa kitandani nikimwona mzee ambaye sijawahi kumwona, nikampa sura ya baba yangu kwa sababu sikuwa na nyingine.

Kesho yake niliwahi kabla ya zamu. Nikapiga, haipatikani. Nikapokea simu za watu wengine, nikawasikiliza kwa haki yao, na katikati ya kila mbili nikapiga ile namba. Watendaji walikuwa bado wanaulizana. Mchana ulipokaribia, simu ikaita. Iliita mpaka nikakata tamaa, halafu ikapokelewa.

"Halo!" Sauti ya mwanamke, nyuma yake mafuta yanachemka. "Hii simu iko chaji. Mwenyewe hayupo."

Simu iko chaji. Nilirudia maneno hayo kimoyomoyo. Mtu haachi simu ichajiwe kama hana neno la kusema baadaye.

"Nani kaileta, mama?"

"Si mwenyewe, mzee. Kaja asubuhi kwa miguu. We nani wake? Maana nyie watoto wake mmemtelekeza, nakwambia ukweli."

Mimi si mtoto wake, si ndugu, na kazi yangu siruhusiwi kuitaja kwa mtu baki. "Ni mtu tunayesalimiana naye," nikasema.

"Aa, basi ndo wewe mayu wa kwenye simu!" Akapunguza sauti. "Kaniachia na chupa, dawa ya ng'ombe. Kasema mayu kaagiza nikae nayo mimi, yeye asiione. Mie sikumuuliza, ila nimeelewa. Nimeifungia kwenye sanduku, watoto wasiifikie."

Niliziba kipaza sauti kwa kiganja. Machozi yalinitoka mbele ya mwenzangu wa meza ya pili, na sikujali. Kisha nikamuuliza mzee amekwenda wapi. Kaenda kuwanywesha ng'ombe, akasema, atapita jioni kuchukua simu. Nikamwomba akipita amkalishe, wale hata andazi pamoja.

"Huyo?" akasema. "Huyo atakula kwangu leo. Kwani ugali wa mtu mmoja unasongwaje?"

Nikamwambia hata mimi sijui.

Nilimpa msimamizi jina la senta, kwa sababu yule mama alinitajia bila shida, na ofisa ustawi akafika kwa mzee bila mtendaji na bila kelele, kama mgeni wa kawaida. Alituletea maneno ya kazini kuhusu ufuatiliaji, ambayo siyaandiki hapa. Nikajiandaa kuupoteza mwisho wa habari hii kama nilivyozoea kuipoteza mingine.

Zikapita siku. Mchana mmoja ikalia mara moja, ikakatika. Nikapiga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu. Mwadila."

"Mwadila."

Safari hii hakusubiri niulize. Akaniambia kuna ndama amezaliwa, jike, ana doa jeupe mguuni. Kijana wake mmoja anakuja kutoka Lindi, watazungumza habari ya kaburi kabla ya kuzungumza habari ya eneo. Yule mama wa sola anamdai amletee maziwa, anamgombeza kama mke. Ilikuwa salamu yenye vitu ndani yake, na niliisikiliza yote nikiwa nimetulia kwenye kiti changu cha waya.

"Na huko?" akauliza. "Mhola?"

"Mhola duhu, baba."

Nilingoja aulize mvua. Hakuuliza. Alinyamaza, na nikautambua ule ukimya, maana ulikuwa wangu. Hakunipa "haya" ya kutokea. Nje treni ikaingia stesheni, ikapiga honi yake ndefu, ikanyamaza, na yeye bado amenyamaza. Niliangalia kioo cha kompyuta. Niliikumbuka kanuni, neno kwa neno.

"Nzuri," nikasema. "Ila nikifika nyumbani, baba, hakuna wa kuniitikia."

Nikasikia kengele ya ng'ombe, na mzee akijiweka sawa mahali alipokaa.

"Sema, mayu," akasema. "Simu yangu ina chaji."